Wazazi Wote Waliridhia

Shule ya binti yangu inafungwa kuliko timu mbovu ya mtaani. Nilikuwa nalisema hilo kila ninapokwenda, watu wanacheka, basi na mimi nikaendelea kulisema. Mwezi wa kwanza wa muhula walifunga siku moja kupuliza dawa ya mende. Mwezi uliofuata walifunga ili walimu waende semina. Semina ya nini, hakuna aliyetuambia, na walimu waliporudi walikuwa walewale. Mara darasa la mwisho wana mtihani, wadogo wabaki nyumbani. Mara mwalimu mkuu anahamisha ofisi kutoka chumba hiki kwenda kile, watoto wasije wakaangukiwa na kabati. Na taarifa inakuja jioni ya kuamkia siku yenyewe, kaiandika mtoto nyuma ya daftari la hesabu, "kesho hakuna shule", kana kwamba mzazi ni koti limetundikwa ukutani linangoja kuvaliwa.

Mimi ninashona kola. Kiwanda chetu kinatengeneza mashati, na shati moja linapita mikononi mwa watu ishirini na wawili kabla halijaitwa shati: huyu mfuko, yule mkono, mwingine vifungo tu mchana kutwa. Kola ni yangu, na wenzangu wananiita hivyo hivyo, Kola. Laini yetu inasimamiwa na mama mmoja mwembamba tunayemwita Mama Mkasi akiwa hayupo, ingawa nadhani anajua. Siku ya kwanza alinipa masharti huku anakata nyuzi.

"Miezi sita ya majaribio. Ukikosa siku tatu, iwe mtoto anaumwa, iwe umekufa wewe, unarudi kuwa kibarua. Usipozifikisha tatu, siku ya mwisho unasaini mkataba wa kudumu. Sitaki hadithi."

Niliutaka mkataba ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nimekuwa kibarua miaka tisa. Kibarua anaamka hajui kama leo ataitwa. Akiugua, kiti chake kinakaliwa na mwingine hata zahanati hajafika. Nikajiambia safari hii ni kufa na kupona.

Dawa ya mende ikanila siku ya kwanza. Semina ikanila ya pili. Siku nyingine zote niliponea kwa jirani, mpaka jirani mwenyewe akahama kumfuata mumewe. Mume wangu ni fundi friji. Hizo siku mbili nilimwomba abaki na mtoto, na zote mbili kulikuwa na bucha ambalo friji lake limekufa na nyama inaharibika. "Unataka watu wale nyama mbovu, mama Chiriku?" aliniuliza. Sikutaka. Nikabaki mimi. Chiriku ni jina tulilompa binti yetu kwa sababu hanyamazi. Ana miaka minane na hajawahi kumaliza chakula chake kabla hakijapoa.

Basi zikabaki siku tano za majaribio. Jumatatu ya wiki ya mwisho nilifika getini kumchukua Chiriku nikakuta wazazi wamesimama makundi makundi, kila mmoja na karatasi mkononi. Niliipata yangu kwenye begi la mtoto, imekunjwa mara nne. Kalenda mpya. Kuanzia wiki hii, ilisema, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi shule itafungwa kwa ajili ya mapumziko na familia, "kama wazazi wote walivyoridhia katika kikao".

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ilikuwa ndiyo Ijumaa hiyo hiyo, siku yangu ya kusaini. Nikiikosa hiyo, ni ya tatu.

"Wazazi wote ni akina nani?" aliuliza muuguzi mmoja, bado amevaa sare ya kazini. "Mimi wodi sijatoka tangu jana. Nimeridhia saa ngapi?"

"Mimi nilikuwa safarini na lori," alisema dereva mmoja mwenye sauti nzito. "Labda liliridhia tela."

Watu wakacheka kwa hasira. Mimi sikucheka. Nikasema, tena kwa sauti, kwa sababu mdomo wangu huwa unatangulia akili: "Twendeni ofisini sasa hivi. Huyo aliyeridhia atajwe kwa jina. Tumjue!"

Wakanifuata wawili, muuguzi na dereva. Wengine walisema wana haraka, tutawaambia.

Hapa niseme jambo moja la aibu. Kikao chenyewe kilikuwa Jumatano ya wiki mbili nyuma, saa nne asubuhi, saa ambayo mwenye kazi hawezi kuja na asiye na kazi bado anafua. Mzazi asipofika, mtoto wake anasimamishwa mbele ya darasa. Ndiyo maana pana ujanja ambao kila mtu anaujua: unamwomba anayekwenda akusainie kwenye karatasi ya mahudhurio. Mimi sikuwa na haja ya kutafuta mtu. Karani wa shule ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Nilimpigia usiku wa kuamkia kikao, nikamwambia, "Wifi, nisainie," akajibu, "Usijali wifi, wewe shona." Hivyo nilipokuwa naingia ofisini kwa mwalimu mkuu nilijua sahihi yangu imo mle ndani, lakini sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza mpya, kabati limesimama wima pembeni, halijamwangukia mtu. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, na kabla sijafungua mdomo tena uso wake ukachanua.

"Ni mama Chiriku mwenyewe! Karibu, karibu. Mama, sisi walimu tunakushukuru sana."

"Mnanishukuru nini?"

"Ile hoja yako. Walimu hawa wamechoka, lakini nani angethubutu kuisema? Ikitoka kwetu ni uvivu. Ikitoka kwa mzazi ni busara."

Akavuta faili, akalamba kidole, akafunua. Muhtasari wa kikao, umepigwa chapa vizuri, hakuna kosa hata moja. Aliusoma mwenyewe, taratibu, kama anasoma cheti changu: "Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu alipendekeza Ijumaa ya mwisho wa mwezi iwe siku ya familia. Wajumbe walinyoosha mikono. Wazazi wote waliridhia." Pembeni kwenye mabano palikuwa na jina langu kamili. Nyuma ikafuata karatasi ya mahudhurio, na sahihi yangu ikawa ya tatu kutoka juu.

Muuguzi aliinama kuangalia, akainuka, akanitazama.

"Kumbe ni wewe?"

"Dada, mimi siku hiyo nilikuwa kazini, naapa."

"Na umetuleta mpaka huku. Ili iweje? Uje upigiwe makofi mbele yetu?"

Dereva alivaa kofia yake akatoka, na kwa mtu mwenye sauti kama ile, kimya hicho kilinichoma kuliko tusi. Nikabaki nimesimama mbele ya mwalimu mkuu nikitabasamu kijinga, kwa sababu nilikuwa sina sura nyingine ya kuweka.

Ofisi ya karani iko mlango wa pili. Wifi alikuwa ameshasikia. Kuta za shule ile ni mbao tupu. Nilimkuta amesimama, ameshika kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

Wifi yangu namjua. Tunataniana mpaka wageni wanadhani tunagombana. Yeye ndiye anayenitonya shule ikipanga kufunga, wakati mwingine siku mbili kabla. Ndiye aliyekaa na mimi hospitali nilipojifungua. Nikaufunga mlango.

"Wifi, nilikuomba unisainie. Nilikuomba unitolee hoja?"

"Si mimi."

"Muhtasari umeupiga chapa wewe. Hata koma moja hujakosea."

"Nimeupiga mimi. Ila kusaini, si mimi." Akaketi. "Nilikuwa nimeshika kalamu, wifi, naapa kwa mama yangu, nimeshafika kwenye jina lako. Kaka akatokea mlangoni."

"Kaka yupi?"

Swali la kipumbavu. Ana kaka mmoja.

"Ameoga, amechomekea. Lile shati ulilomletea kutoka kiwandani. Akanichukua kalamu akasema, 'Nasaini mimi, namwakilisha mama Chiriku.' Mwalimu mkuu alipouliza nani ana pendekezo, akasimama."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi ndiye fundi wa nguo. Kola ile niliishona kwa mkono wangu, nikaipiga pasi, nikamvisha, nikamwambia amependeza.

"Na wewe ukanyamaza wiki mbili," nikasema.

"Aliniambia nisikwambie. Kasema atakwambia mwenyewe. Wifi, yule ni kaka yangu, kanisomesha. Ningefanyaje? Damu nzito."

"Na mimi nilikuwa nini? Maji?"

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilimchukua Chiriku nje, akanieleza njia nzima habari za mtoto mwenzake aliyemeza kifutio, na nikaitikia mahali pote panapostahili kuitikiwa.

Mume wangu alikuwa sebuleni, chini, ametandaza magazeti na mota ya friji juu yake, bisibisi mdomoni. Sebule yetu ni ndogo. Ukitaka kupita lazima uruke kazi yake. Siku hiyo sikuruka. Nilimpeleka Chiriku chumbani na daftari lake, nikarudi nikasimama mlangoni.

"Ulikwenda kikao cha shule."

Akatoa bisibisi mdomoni. "Kikao gani?"

"Baba Chiriku, usiniulize kikao gani."

"Aa, kile. Nilipita tu. Nilikuwa na kazi jirani."

"Ukiwa umeoga na kuchomekea."

Akapuliza vumbi kwenye tundu la skrubu, ambalo halikuwa na vumbi. "Walimu waliuliza maoni. Nikaona watoto wanachoka. Watu wote walinyoosha mikono, si mimi peke yangu."

"Wewe ndiye uliyetoa hoja. Kwa jina langu. Ijumaa hii ninasaini mkataba. Ulijua au hukujua?"

Nilimwombea aseme hakujua. Kweli kabisa, nilisimama pale nikimwombea uongo, kwa sababu uongo ningeweza kulala nao.

"Nilijua," alisema.

Nilipaza sauti basi. Nilisema mengi ambayo siyaandiki. Yeye hakupaza. Huyo ndiye mume wangu: watu wa mtaa wanamsifu, hajawahi kunipiga, hajawahi kunitukana, mshahara wangu hajawahi kuugusa. Nilipoishiwa pumzi ndipo aliposema, kwa upole ule ule anaotumia kumweleza mteja kwamba friji lake halitapona.

"Nimekukataza kazi mimi? Hata siku moja? Angalia wanaume wa hapa. Mimi nimewahi kusema usiende?"

"Hujawahi."

"Basi."

"Ungenikataza ningejua nashindana na nani."

Akaifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nyumba hii imekuwa ya kulala tu, mama Chiriku. Unatoka alfajiri, unarudi umekwisha. Sikutaka ugomvi. Nilidhani utachoka mwenyewe. Siku moja ya shule hapa, siku nyingine pale. Nilidhani utakuja uniambie, baba Chiriku, nimeshindwa. Na mimi nisingekucheka. Ningekupokea."

Alikuwa anasema kweli. Machoni nilimwona amejiandaa kunipokea, ameshaipanga ile siku yote, labda hata maneno ya kunituliza. Na mimi hapo ndipo nilipoanza kuhesabu friji. Bucha la siku ya dawa ya mende, lipo mtaa gani? Na lile la siku ya semina? Kwa nini nyama za mji huu zinaoza siku shule inapofungwa tu? Sikumuuliza. Nilihofia atajibu.

Usiku huo nililala upande wa mtoto. Jumanne nikashona kola, Jumatano nikashona kola. Alhamisi nilishona mbili kichwa chini miguu juu, Mama Mkasi akazitupa mezani kwangu akauliza kama nimeanza kushonea popo. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, na wakati nacheka machozi yakanitoka nikasema ni vumbi la kitambaa. Nyumbani tuliongea kwa kupitia Chiriku. Mwambie baba chakula kipo. Mwambie mama taa ya choo imeungua. Mtoto aliona ni mchezo, akawa anaongeza maneno yake mwenyewe katikati: "Mama anasema chakula kipo na anakupenda." Mume wangu alinitazama. Nikaendelea kumenya vitunguu.

Wifi alipiga simu mara sita. Mara ya saba nilipokea, akasema amemwomba mwalimu mkuu ruhusa abaki na Chiriku Ijumaa, na mwalimu mkuu amekataa, siku hiyo walimu wanakwenda kupumzika pamoja na karani lazima awepo kuandika nani kafika na nani hakufika. Nikamwambia asante. Sikuwa na kingine cha kumwambia, bado.

Ijumaa niliamka saa kumi alfajiri. Nilioga, nikavaa, nikaweka chai kwenye chupa, nikarudi chumbani nikamtikisa bega.

"Amka. Leo unabaki na mtoto."

Akafumbua jicho moja. "Leo nimeahidi watu wa bucha la..."

"Nyama ioze."

"Mama Chiriku..."

"Ioze yote. Watu wale maharage."

Nikatoka. Njia nzima niligeuka nyuma mara tatu. Naijua hasira yangu, inakuwa na nguvu mpaka kona ya kwanza tu. Akiamua kuondoka je? Akimfungia mtoto ndani? Hapana, mtoto anampenda, hata kwenye hasira zangu zote hilo siwezi kumnyang'anya. Lakini wiki moja nyuma ningeapa pia kwamba hawezi kwenda mahali akalisema jina langu dhidi yangu. Nilikuwa simjui. Miaka kumi na moja ya ndoa, nikawa natembea gizani nikijaribu kukisia mume wangu atafanya nini saa mbili asubuhi, kama mtu anayemkisia mpangaji mpya.

Kiwandani simu zinawekwa kwenye makabati, huruhusiwi kuzigusa mpaka mchana. Nilishona kola mia moja na arobaini bila kuharibu hata moja. Mchana nikakimbilia kabati. Hapakuwa na ujumbe. Nikapiga, Chiriku akapokea, akaniambia bila kupumua kwamba baba amepika uji umeungua, wameumwaga, wamenunua mikate, na sasa baba amelala. Nikaketi kwenye sakafu ya chumba cha makabati mpaka kengele ikalia.

Saa kumi kasorobo Mama Mkasi aliniita. Hakunipongeza, si kawaida yake. Alinipeleka ofisi ya utumishi, akamwambia kijana wa kike aliyekaa kwenye kompyuta, "Huyu ni wa kudumu. Kola zake hazina kasoro, ukiacha mbili za popo," akarudi kwenye laini yake.

Kijana yule alinipa kalamu na karatasi tatu. Alikuwa mchangamfu, kucha ndefu. Nikaandika jina langu. Tarehe ya kuzaliwa. Kazi. Niliandika polepole ili nisikosee, nikawa nahisi kitu kinafunguka kifuani, miaka tisa ya kuitwa na kutoitwa inatoka. Nilitamani kumpigia mtu nimwambie. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mfukoni kutafuta simu niliyoiacha kabatini, nilipokumbuka ni nani nilikuwa nataka kumpigia.

Karatasi ya pili ilikuwa na mstari: Mtu wako wa karibu, wa kupigiwa simu ukipata ajali kazini. Nilisimamisha kalamu.

"Hapo mama usipaache wazi," alisema yule kijana. "Mfumo unakataa."

"Lazima?"

"Lazima. Mashine hizi zinang'ata vidole. Mtu akianguka tunapiga hapo hapo." Akanitazama vizuri zaidi. "Huna mtu?"

"Ninaye mume."

"Si ndiyo huyo?"

Niliwafikiria wengine. Mama yangu amelala kaburini. Wifi atampigia kaka yake kabla hajavaa viatu. Jirani kahama. Chiriku ana miaka minane. Kijana alikuwa anangoja, kucha zake zinagonga meza, na nyuma yangu mashine za laini zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine.

Nikaliandika jina lake. Nikaandika na namba yake, ambayo naijua kwa moyo, tarakimu zote, bila kuangalia popote.